Fedha za Mtalii na Haki ya Mwenyeji wa Hifadhi

Tangu watalii walipoanza kurudi kwa wingi baada ya janga la UVIKO-19, makatibu wa vyama kadhaa vya wafugaji wameiandikia Idara ya Elimu ya Chama Kikuu kuuliza jambo moja. Kampuni za utalii zimefika vijijini mwao zikitafuta mahali pa kuweka kambi, na wanachama wamegawanyika. Wako wanaoona kwamba neema imebisha hodi, na wako wanaosema kwamba pale anapokaribishwa mtalii leo, ng'ombe atafukuzwa kesho. Idara haiwezi kutoa jibu moja litakalofaa kila mkutano mkuu. Inachoweza kufanya ni kueleza jinsi utalii ulivyowagusa watu ambao tayari wanaishi ndani ya hifadhi, ili kila chama kijipimie chenyewe.

Hapana budi kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Fedha za utalii humfikia mwenyeji kwa njia mbili. Humfikia kama haki, kwa kuwa ardhi ni yake na mgeni anailipia. Au humfikia kama hisani, kwa kuwa aliyezikusanya ameona vema kumkumbuka. Mkononi fedha hizo ni zile zile, na hununua debe lile lile la mahindi. Lakini haki ikicheleweshwa mtu huidai, na hisani ikikoma hakuna wa kudaiwa.

Mfano ulio karibu nasi na wenye historia ndefu ni Ngorongoro. Mwezi wa Aprili 1958 wazee kumi na wawili wa Kimaasai walitia sahihi waraka wa kukubali kuhama upande wa magharibi wa Serengeti, ambako hawangeruhusiwa tena kuishi wala kuchunga. Waraka huo uliandikwa kwa Kiingereza. Tangu wakati huo wengi wamehoji kama wazee wale walikuwa na mamlaka ya kuitoa ardhi ya jamii nzima, maana kwa desturi za Kimaasai mzee mmoja hawi mmiliki wa malisho ya wote. Mwaka uliofuata, 1959, ilitungwa sheria iliyoanzisha Hifadhi ya Ngorongoro, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 8,300. Hapo watu na mifugo yao wangekaa pamoja na wanyamapori. Wakazi waliahidiwa maji, na Gavana Richard Turnbull aliliambia baraza la Wamaasai mwaka huo huo kwamba pakitokea mgongano kati ya maslahi ya wanyama na ya wakazi, ya wakazi ndiyo yatakayotangulia.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1974 familia zilizokuwa zikiishi ndani ya kreta ziliondolewa. Mwaka 1975 kilimo kilipigwa marufuku katika hifadhi nzima. Mwaka 1979 Ngorongoro iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na jina lake likazidi kuvuma ng'ambo. Mwaka 1992 Waziri Mkuu wa wakati ule, Mheshimiwa John Malecela, aliruhusu wakazi walime vibustani kwa ajili ya chakula. Mwaka 2009 marufuku ikarudishwa. Ndani ya muda huo watu waliokuwa yapata elfu nane mwaka 1959 wameongezeka hata hesabu za miaka ya karibuni zikawataja kuwa laki moja hivi, na idadi ya ng'ombe kwa kila mtu imepungua sana. Mfugaji asiyeruhusiwa kulima hana budi kuuza mbuzi anunue unga unaotoka Karatu, na bei ya unga huo ina nauli ya lori ndani yake. Mwaka wa ukame bei ya mbuzi hushuka wakati ule ule bei ya unga inapopanda.

Hapa tungependa kukaa kidogo juu ya jambo moja ambalo wageni hawalioni na hata baadhi yetu hatulifikirii. Kuanzia Januari hadi Machi nyumbu kwa mamia ya maelfu huzaa katika mbuga za nyasi fupi upande wa Ndutu na Olduvai. Nyasi hizo ni bora kuliko zote kwa ng'ombe, na msimu huo ndio zinapostawi. Lakini ndama wa nyumbu hueneza virusi ambavyo havimdhuru nyumbu mwenyewe, bali ng'ombe akivipata hufa, wala hakuna dawa ya kumponya. Kwa hiyo mfugaji, akiona nyumbu wameanza kuzaa, huyakimbia malisho mazuri na kupanda milimani kwenye baridi na nyasi ngumu. Huko milimani kuna kupe waletao ndigana kali. Na moto ambao wazee walikuwa wakiutumia kuteketeza majani makuukuu pamoja na kupe wake ulizuiwa na kanuni za hifadhi. Basi miezi hiyo hiyo ambayo ng'ombe wanakimbia ndiyo miezi ambayo kambi za Ndutu hujaa wageni waliosafiri maelfu ya kilomita kuja kumwona nyumbu akizaa. Mgeni hulipa kiingilio chake langoni. Mfugaji naye hulipa, kwa majani ambayo ng'ombe wake hawakuyala, na malipo hayo hayaandikwi katika kitabu chochote.

Idara haisemi kwamba nyumbu aondolewe. Tunasema tu kwamba pale hesabu za faida ya utalii zinaposomwa, upande wa gharama una mistari mingi iliyoachwa wazi. Simba akichukua ndama, tembo akivunja boma, mtoto akichelewa shule kwa kuwa kuna nyati njiani, hayo yote ni gharama za biashara ya utalii zinazobebwa na mtu asiyemiliki hoteli. Sheria zetu zina kanuni za mwaka 2011 zinazompa mwananchi malipo anapodhurika na wanyama wakali. Na malipo hayo huitwa kifuta jasho na kifuta machozi. Msomaji ayatazame vizuri maneno hayo. Hayakuitwa fidia. Aliyeyachagua alikuwa mkweli, maana fidia hudaiwa kwa thamani ya kilichopotea, lakini kitambaa cha kufutia machozi hupewa mtu kwa huruma.

Je, wakazi wa Ngorongoro hawakupata chochote? Walipata, na haifai kulificha hilo. Mwaka 1994 liliundwa Baraza la Wafugaji, na Mamlaka ya Hifadhi ikawa inalitengea fedha kila mwaka. Kwa fedha hizo watoto wengi wamelipiwa karo hadi vyuo vikuu. Zahanati na madarasa yamejengwa. Mahindi yameletwa na kuuzwa kwa bei nafuu. Vijana kadhaa wameajiriwa kuwa waongozaji na askari wa wanyamapori. Lakini fungu hilo lilikuwa la namna gani? Halikuwa kodi ya ardhi. Lilikuwa kiasi kilichoamuliwa na aliyekusanya, na kadiri yake ilitegemea bajeti na mapenzi yake. Mwaka 2020 sheria ya fedha ilibadilishwa, mapato ya mamlaka za hifadhi yakawa yanakusanywa na Mamlaka ya Mapato na kuingizwa moja kwa moja katika Mfuko Mkuu wa Serikali. Kwa mabadiliko hayo mkazi aliyetaka kujua sehemu yake alipaswa kuitafuta Dodoma, mezani pamoja na mahitaji mengine yote ya taifa. Kwa upande wa gari moja tu la watalii kushuka ndani ya kreta, ada peke yake imekuwa zaidi ya dola 200 za Kimarekani, mbali na viingilio vya waliomo.

Mwezi wa Juni 2022 familia za kwanza zilianza kuhamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali imesema siku zote kwamba ni kuhama kwa hiari, kwa kuwa watu na mifugo wamezidi uwezo wa hifadhi, na imewajengea wanaohama nyumba na kuwapa mashamba. Wakazi wengi na watetezi wao wamesema kwamba hiari ya mtu ambaye zahanati na shule zake zimenyimwa fedha si hiari kamili. Mwezi wa Agosti 2024 lilipotoka tangazo la kuvifuta vijiji na kata za Ngorongoro, maelfu ya wananchi walitoka wakakaa kwenye barabara ya watalii iendayo Serengeti. Mahakama Kuu mjini Arusha ililisimamisha tangazo hilo mwezi ule ule, na Desemba mwaka huo Rais alitangaza kuunda tume mbili, moja ya kutazama mgogoro wa ardhi na ya pili kutazama zoezi la kuhama. Si kazi ya jarida la ushirika kuamua kesi hiyo. Lakini wanachama wazingatie mahali wananchi wale walipokwenda ili wasikike: hawakwenda malishoni wala kisimani, walikwenda barabarani anakopita mtalii.

Biashara ndogo ndogo za wageni nazo zina maneno yake. Kando ya barabara ya hifadhi kuna maboma ya utamaduni, ambako gari husimama, wageni hupokewa kwa nyimbo, huingizwa ndani ya nyumba moja na kuoneshwa shanga zilizotandikwa kwenye duara. Ziara nzima haizidi nusu saa. Malalamiko ya siku nyingi ni kwamba bei hupatanwa na dereva, tena hupatanwa pembeni, na kinachofika bomani ni pungufu ya alichotoa mgeni. Boma likidai zaidi, gari la kesho husimama boma la pili. Wakulima wa kahawa na pamba watautambua mtindo huu mara moja. Tofauti ni kwamba mchuuzi wa leo anaendesha gari lenye paa la kufunguka. Kadhalika yako mazoea ya watoto kusimama njiani na mavazi na rangi usoni wakingoja kupigwa picha saa za masomo. Mtoto anayepata shilingi elfu mbili kwa kusimama tu ni vigumu kumshawishi kwamba hesabu za darasa la tano zina faida. Upande wa pili, akina mama wanaotunga shanga wamepata kwa mara ya kwanza fedha ambazo mume hakuzipitisha mkononi mwake, na katika nyumba nyingi fedha hizo ndizo zinazonunua daftari na dawa. Idara inaona kwamba hili ndilo jema lililo wazi zaidi katika habari yote ya maboma, na kwamba lingekuwa kubwa zaidi kama akina mama hao wangeuza kwa pamoja, kwa bei iliyobandikwa ukutani na stakabadhi mkononi.

Sasa tuvuke mpaka tutazame namna nyingine. Nchini Kenya, pembeni mwa hifadhi ya Maasai Mara, ardhi ya ranchi za pamoja iligawanywa na kila mwanachama akapewa hati yake. Wenye hati walio jirani waliunganisha vipande vyao na kuvikodisha kwa kampuni za kambi. Hifadhi ya Olare Orok ilianza hivyo mwaka 2006. Ya Naboisho, yenye ekari zipatazo 50,000, ikafuata mwaka 2010. Mwenye ardhi hulipwa kodi kwa kila ekari, nayo huingia katika akaunti yake benki, wageni wawe wengi au wachache. Kambi zina kikomo cha vitanda kwa kadiri ya ekari. Mwaka 2013 sheria ya wanyamapori ya Kenya ikazitambua rasmi hifadhi za namna hiyo. Hapa fedha zinakuja kama haki: jina la mtu limo katika hati, na kiasi kimo katika mkataba.

Hata hivyo asije mtu akadhani kwamba Mara wamemaliza matatizo. Hati nyingi zina majina ya wanaume, kwa hiyo mjane na binti mara nyingi hukaa nje ya orodha ya wanaolipwa. Asiyepata kipande wakati wa ugawaji hapati kodi, na tena amepoteza malisho, kwa sababu ng'ombe huzuiwa au huingizwa kwa zamu na kwa miezi maalumu. Mifugo iliyozuiwa haikuyeyuka. Husongamana mahali pengine, na jirani asiye na mkataba ndiye anayeuona udongo wake ukigeuka vumbi. Mwaka 2020 viwanja vya ndege vilipofungwa na kambi zikawa tupu, hata kodi iliyoitwa ya kudumu ilipunguzwa katika baadhi ya hifadhi hizo. Waliokuwa wameuza ng'ombe wao wote kwa kutumaini kodi walijuta kuliko waliobakiza kundi.

Na si mara ya kwanza utalii kukatika kama uzi. Wazee watakumbuka mwezi wa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Wakati ule watalii wengi wa Serengeti na Ngorongoro walikuwa wakija kwa magari kutoka Nairobi. Njia ikazibwa, hoteli zikabaki na wahudumu bila wa kuwahudumia, na mpaka haukufunguliwa hadi 1983. Ng'ombe ana magonjwa yake na ukame wake, lakini hafi kwa sababu ya ugomvi wa mawaziri.

Hapa Tanzania vijiji vimepewa njia ya kisheria ya kuungana na kutenga ardhi yao kuwa hifadhi ya jamii, kwa utaratibu wa Jumuiya za Hifadhi za Wanyamapori, ambao kanuni zake za kwanza zilitoka mwaka 2002. Enduimet, Burunge, Ikona na Randilen ni miongoni mwao. Faida yake ni kwamba ardhi inabaki ya vijiji, na kanuni zinataka sehemu kubwa ya mapato ya jumuiya igawiwe vijiji wanachama. Lakini malipo ya wawekezaji yamekuwa yakipitia kwanza serikalini kisha kurudishwa kwa mafungu, na ucheleweshaji wa mafungu hayo umelalamikiwa mara nyingi. Jambo jingine ni kwamba mgao ukigawanywa kwa vijiji vingi, na kila kijiji kikiwa na maelfu ya watu, sehemu ya kila kaya inaweza kuwa ndogo mno kulingana na mbuzi mmoja aliyeliwa na fisi. Kwa sababu hiyo vijiji vingi huziweka fedha hizo katika darasa au kisima badala ya kuzigawa, na tunaona ni busara.

Turudi kwenye swali la makatibu. Mkataba wa kambi huwa na namna tatu za malipo. Ya kwanza ni kodi ya ardhi isiyobadilika. Ya pili ni ada kwa kila mgeni kwa kila usiku anaolala. Ya tatu ni asilimia ya mapato au ya faida ya kampuni. Kampuni nyingi huipendekeza namna ya tatu, kwa kuwa asilimia husikika vizuri mkutanoni. Tunawashauri makatibu waiogope asilimia ya faida kuliko zote. Faida ni kile kinachobaki baada ya kampuni kuondoa gharama zake yenyewe, mishahara ya wakurugenzi wake ikiwamo, na vitabu vyake huenda vikawa London au Nairobi.

Ada ya kila usiku ina uwazi zaidi, lakini nayo hupanda na kushuka. Tuseme kambi ina vitanda 20, inafunguliwa siku 300 kwa mwaka, na ada ni dola 10. Vitanda vikijaa nusu, zimelaliwa siku 3,000, na chama kinapata dola 30,000. Mwaka wa maradhi au vita, vitanda vikijaa sehemu moja tu ya ishirini, chama kinapata dola 3,000, ilhali malisho bado yamefungwa mwaka mzima. Ndiyo maana tunaona chama kidai yote mawili: kodi ya msingi isiyoshuka hata kambi ikiwa tupu, na ada ya usiku juu yake. Kodi iwe na kifungu cha kupanda kila baada ya miaka kadhaa, maana shilingi ya mwaka wa kumi haitanunua kile inachonunua leo.

Kisha lipo swali la nani anahesabu. Vyama vya ushirika vya pamba huko Kanda ya Ziwa vilianza miaka ya 1950 kwa wakulima kuweka wapimaji wao wenyewe kwenye mizani ya wanunuzi. Hawakupandisha bei hata senti moja, lakini mkulima alianza kulipwa kwa uzito wa pamba aliyoileta. Mizani ya utalii ni daftari la wageni. Ikiwa daftari hilo lipo kambini peke yake, chama kinapokea kile kilichoandikwa na mlipaji. Kwa hiyo mkataba utamke kwamba chama kitakuwa na mtu wake langoni, mwenye daftari lake, na kwamba madaftari mawili yatalinganishwa kila mwisho wa mwezi mbele ya mweka hazina. Mshahara wa mtu huyo chama kiubebe chenyewe. Akilipwa na kambi, daftari lake litafanana na la kambi.

Malisho nayo yaandikwe kwa miezi na kwa mipaka inayoonekana, mto au kilima au barabara, si kwa maneno kama "inapobidi". Iandikwe ni visima vipi vinabaki wazi kwa mifugo wakati wa kiangazi. Muda wa mkataba usiwe mrefu kuliko chama kinavyoweza kuuvumilia ukienda vibaya. Miaka mitano yenye haki ya kuongeza ni afadhali kuliko thelathini. Na sahihi zisitiwe na mwenyekiti na katibu peke yao. Rasimu isomwe kwa Kiswahili, na pale wanachama wengi wanapozungumza Kimaasai au Kidatoga isomwe kwa lugha hiyo pia, neno kwa neno, katika mkutano mkuu uliotangazwa siku za kutosha na wenye akina mama ndani yake; kumbukumbu za mkutano ziambatishwe. Kwa ardhi ya kijiji, mkutano mkuu wa kijiji nao lazima upitishe, kwani chama hakiwezi kukodisha ardhi ambayo kijiji hakijaitolea idhini.

Makatibu ambao tayari wameletewa rasimu wanaombwa wazifikishe Idara ya Elimu kabla ya kutia sahihi, wakiambatisha ramani ya malisho na idadi ya kaya zinazoyatumia kiangazi. Zile zilizoandikwa kwa Kiingereza tu zirudishwe kwanza kwa kampuni, ili ilete Kiswahili chake kwa gharama yake.